Sita kwa Kalamu Nyekundu

Delhi, 3 Septemba 2007

Kwa Baba,

Mimi mzima, na kabla hujauliza, ndiyo, ninakula. Jumapili kwenye simu nilishindwa kukueleza jambo hili kwa sababu nyuma yangu walikuwa wamepanga foleni wasichana tisa, na wa kwanza wao alikuwa ananihesabia dakika kwa sauti. Hosteli hii ina simu moja na masikio mia. Kwa hiyo nimeona nikuandikie.

Wiki iliyopita alikuja hospitalini wakala anayetafuta wauguzi wa kwenda Ireland. Kuna hospitali huko Limerick inayotaka wauguzi kumi na wawili kutoka hapa Delhi. Wamenihoji, wameangalia vyeti vyangu, wameridhika. Kilichobaki ni ule mtihani wa Kiingereza. Kusikiliza, kusoma na kuzungumza havinitishi. Binti wa Mwalimu Kuruvilla aogope kuzungumza? Kinachonisumbua ni kuandika. Wanataka alama saba kati ya tisa, na majibu yawe mikononi mwa wakala ifikapo tarehe 31 Machi. Siku hiyo ikipita, nafasi yangu anapewa mwingine.

Na unajua tunachotakiwa kuandika? Wanakupa grafu ya nguzo, nyingine ndefu nyingine fupi, uieleze kwa maneno mia na hamsini ndani ya dakika ishirini. Juzi nimejaribu moja iliyoonyesha saa ambazo wanaume na wanawake wa Uingereza hutumia kutazama televisheni. Baba, mimi nimemzindua mtu aliyezimia ndani ya lifti, lakini siruhusiwi kumwosha Mwairishi kidonda mpaka nieleze nani anatazama televisheni zaidi! Beena, mwenzangu wa chumbani, yule wa Idukki, anasema labda huko ndiyo kazi yenyewe, unakaa na mgonjwa mnatazama televisheni.

Madarasa ya mtihani yapo kila kona, ila zamu zangu haziniachii nafasi. Wewe umefundisha Kiingereza miaka thelathini na mmoja. Nakuomba uwe mwalimu wangu. Nitakutumia grafu na insha yangu, wewe utasahihisha na kunipa alama kama wanavyotoa wao. Nimeweka humu karatasi yenye vigezo vyao. Siku utakayosema nimefika saba, siku hiyo hiyo najiandikisha.

Insha ya kwanza hii hapa. Usinionee huruma.

Mwanao,
Reeja

*

Ramapuram, 12 Septemba 2007

Mwanangu Reeja,

Barua yako ilipokelewa na Ouseph jirani, akalala nayo siku mbili kwake akidhani ni ya mwanawe. Haikufunguliwa, ila imenifikia ikinuka achari ya maembe. Mvua hapa haijakatika. Wagema wa miti ya mpira wamekaa wiki nzima kwenye baraza yangu wakicheza karata na kumaliza chai yangu.

Nilipoitafuta ile kalamu nyekundu nikakuta wino umekauka. Nimekwenda mjini nikanunua tatu mpya. Muuza duka kaniuliza, "Mwalimu, umerudi kazini?" Nikamwambia nimepata mwanafunzi mmoja, mbishi.

Sasa sikiliza. Umeandika kwamba wanawake wanatazama televisheni kidogo kwa sababu wana kazi nyingi za jikoni. Nani kakwambia? Nguzo haijasema hivyo. Mtahini hataki sababu, na hataki maoni yako. Anataka unachokiona, basi. Halafu umerukia nguzo moja moja kama kuku anayedonoa mpunga. Sema kwanza picha nzima: wanaume wanazidi katika kila umri, na pengo linakua kadiri watu wanavyozeeka. Ukishasema hivyo ndipo ushike tarakimu, na usizishike zote. Linganisha. Hii ni maradufu ya ile, hii ni takriban robo tatu ya ile. Na hilo neno "sana" lifungie kabatini, umelitumia mara saba.

Alama zako ni tano na nusu. Usinune, ni mwanzo.

Kuhusu Limerick, ni jambo zuri.

Kaka yako Saju alipiga simu kutoka Melbourne. Akanipa mtoto wake niongee naye. Anajua Kiingereza tu, basi tukasalimiana kama watalii. Saju anasema mwaka huu pia likizo haijapatikana.

Baba yako,
Kuruvilla

*

Delhi, 14 Oktoba 2007

Baba,

"Sana" nimeifungia, ufunguo nimempa Beena. Masahihisho yako nimeyabandika ukutani juu ya kitanda, na kila nikitoka zamu mimi na Beena tunafanya grafu moja kabla ya kuvua viatu. Yeye hana mwalimu, kwa hiyo namfundisha kama unavyonifundisha, na sauti yako nimeiiga. Nikisema, "Nani kakwambia? Nguzo haijasema hivyo," chumba kizima kinacheka.

Safari hii grafu nimechora mwenyewe. Ni idadi ya wagonjwa kwa kila muuguzi katika wodi zetu nne. Wodi yangu ndiyo hiyo nguzo inayokaribia kutoka nje ya karatasi, wagonjwa ishirini na wawili. Nilitamani niandike kwa nini, na nilitamani kutia maoni yangu kidogo. Sikutia. Naamini sasa umefurahi.

Lakini Baba, mimi nimekwambia naondoka nchini, wewe unaniandikia "ni jambo zuri", kana kwamba nimekwambia nimenunua ndala. Huna zaidi ya hilo?

Wako,
Reeja

*

Ramapuram, 2 Novemba 2007

Mwanangu,

Grafu yako ya wodi nimeisoma mara tatu. Mwanzo wake mzuri, picha nzima umeitoa mapema, ulinganisho upo. Lakini herufi zako zinalala upande kama zimelewa, koma umeziweka pasipo mpango, na kwenye aya ya pili umerudia neno moja mara mbili. Mtahini ni mtu, naye huchoka. Nimekupa sita. Usijiandikishe kwa mtihani wa Desemba, utapoteza bure. Afadhali kuchelewa ukiwa tayari.

Unauliza kama nina zaidi. Mimi nasahihisha insha, mama. Mengine ni yako, wewe ni mtu mzima.

Ouseph kavuna mihogo, akaniletea gunia zima. Nikamwambia mtu mmoja atakulaje mihogo yote hii? Akasema, "Ndiyo uoe, Kuruvilla." Ana miaka sabini na miwili na bado hana adabu. Nimechemsha, nikala na samaki wa pilipili kama alivyokuwa akipika mama yako, ila wangu walitoka vibaya.

Endelea kuleta insha. Leta hata mbili kwa wiki.

Baba yako,
Kuruvilla

*

Delhi, 9 Desemba 2007

Baba,

Tangu barua yako ya Novemba nimekutumia insha tano. Nimepata sita, sita, sita, tano na nusu, sita. Hiyo ya nne niliiandika kwa raha kuliko zote, ya samaki wanaovuliwa katika nchi tano, nikajiambia leo nimempata. Imerudi na duara nyekundu mbili tu, na bado ni tano na nusu. Nionyeshe hasa ninapokosea. Nisipopajua nitapatengeneza vipi?

Beena ameshindwa kungoja. Jana amefanya mtihani. Amerudi, anasema walipewa nguzo za watu wanaoazima vitabu maktaba. Nikamuuliza, "Picha nzima umeitoa?" Akasema, "Nimeitoa. Halafu nikasikia sauti ya baba yako inanikoromea, nikafuta sababu zote." Majibu baada ya wiki mbili, ila yeye amesema yakija hafungui mpaka atoke Idukki kwenye harusi ya dada yake, katikati ya Januari, asije akaharibu harusi ya watu.

Likizo ya Krismasi nimenyimwa. Nimebishana na metroni mpaka nikaishiwa maneno. Utakula na nani siku hiyo?

Reeja

*

Ramapuram, 27 Desemba 2007

Mwanangu Reeja,

Usiwe na wasiwasi, Krismasi sikuwa peke yangu hata kidogo. Nyumba ilijaa. Ouseph na wanawe walikuja, Padri alipita, watoto wa kwaya waliimba uani mpaka mbwa akakimbia. Keki ililiwa ikaisha. Nililala nimechoka kwa kelele.

Insha zako mbili nimeziona. Unajitahidi. Kinachokosekana ni kitu kidogo kisichoelezeka, ile hali ya mtu aliyezaliwa ndani ya lugha. Huja kwa mazoezi. Sita na sita.

Nimeangalia tarehe ulizoniandikia. Mimi nashauri mtihani wa tarehe 29 Machi. Utakuwa umepata miezi mitatu zaidi.

Chai yangu inapoa. Vaa sweta, nasikia Delhi kuna ukungu.

Baba yako,
Kuruvilla

*

Delhi, 24 Januari 2008

Baba,

Beena kapata saba na nusu kwenye kuandika.

Alilia, akacheka, akaninyanyua juu mbele ya foleni ya simu. Wakala amemwandikia tayari. Kila mtu hapa ananitazama, maana wanajua nani alimfundisha. Beena mwenyewe hanitazami machoni. Jana usiku hakupata usingizi, akaniamsha akasema, "Reeja, mimi nimejifunza kwenye karatasi zako. Mimi nimepataje saba na nusu, na wewe una sita?" Nikamwambia alale.

Mtihani wa tarehe 29 Machi siwezi kuufanya, Baba. Majibu yatatoka katikati ya Aprili na nafasi inafungwa tarehe 31 Machi. Hilo nilikuandikia kwenye barua ya kwanza kabisa. Uliobaki ni wa tarehe mosi Machi, na kujiandikisha mwisho ni tarehe 9 Februari.

Nimekuwekea insha nyingine. Isome, unipe alama yake. Na kama una neno lolote la kuniambia, liandike. Si lazima liwe la grafu.

Reeja

*

Ramapuram, 1 Februari 2008

Mwanangu,

Mpe Beena pongezi zangu. Watahini hutofautiana, na bahati nayo ina sehemu yake. Usijipime kwa mwingine. Mimi nimeona wanafunzi wengi waliokimbilia mtihani kwa sababu mwenzao kapita, wakaanguka.

Insha yako ya ajira katika sekta nne ni safi, ila mwisho wake umekatika ghafla. Sita.

Nimekutumia kwa gari la kampuni ya vifurushi ndizi za kukaanga kilo mbili, na achari ya maembe chupa moja. Chupa nimeizungushia gazeti mara nne. Sina neno jingine kwa leo.

Baba yako,
Kuruvilla

*

Delhi, 2 Mei 2008

Kwa Baba,

Samahani nimekaa kimya. Kazi zilikuwa nyingi.

Mtihani sikuufanya. Tarehe 31 Machi ilifika ikapita, na nafasi yangu ya Limerick amepewa msichana wa wodi ya watoto. Beena aliondoka wiki iliyopita, aliniachia ndoo yake na kioo. Wakala anasema huenda wasichukue tena wauguzi kwa muda mrefu.

Mwezi uliopita walikuja watu wa Saudia. Wao hawaulizi habari za nguzo. Walitazama vyeti vyangu, wakaniuliza kama najua kazi ya chumba cha wagonjwa mahututi, nikasaini. Hospitali iko katika mji unaoitwa Hail, kaskazini, jangwani. Mkataba ni wa miaka miwili. Ndege yangu ni tarehe 11 Juni, jioni. Nyumbani sitaweza kupita.

Insha sitakutumia tena. Asante kwa kazi yote.

Reeja

*

Ramapuram, 18 Mei 2008

Reeja mwanangu,

Nimeandika barua hii mara nne. Nisamehe herufi, nazo zinalala upande.

Nilikudanganya. Grafu ya wodi zako nne, ile ya Oktoba, haikuwa sita. Ilikuwa saba. Niliiandika saba kwa penseli, nikakaa nayo mezani mpaka chai ikapoa, nikaifuta, nikaweka sita kwa kalamu nyekundu. Ile ya samaki niliyokupa tano na nusu ilikuwa saba na nusu. Nilikupa chini makusudi kwa sababu ilinitisha. Ya Januari, ya ajira, ilikuwa nane. Miaka thelathini na mmoja sijapata kumpa mtu nane. Niliisoma kwa sauti humu ndani peke yangu, nikajivuna, halafu nikakuandikia kwamba mwisho wake umekatika.

Nilijiambia namkazia kamba, mwalimu mzuri hasifii haraka. Uongo mtupu. Nilijua tarehe zako zote. Ile 29 Machi niliichagua nikijua.

Wewe ulikuwepo mama yako alipokufa, kwa hiyo unajua alivyolala siku tatu ndani ya jokofu la maiti la parokia pale sebuleni, tukimngoja Saju. Umeme ulipokatika Ouseph alileta jenereta. Siku ya tatu Saju akapiga simu, ndege haikupatikana. Jambo usilolijua ni hili. Wakati wa kumuaga mama yako, yule mpiga video tuliyemlipa ili tumpelekee Saju mkanda alinishika bega akasema, "Mzee, sogea kushoto kidogo, mwanao amwone mama vizuri." Nikasogea, Reeja. Nilimuaga mke wangu nikiwa nimesimama pembeni ili nisiizibe kamera. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimwona kichwani yule kijana na kamera yake, na aliyelala pale ni mimi, na hakuna hata mtoto mmoja wa kuambiwa asogee.

Na Krismasi hakukuwa na mtu. Ouseph alikuwa kwa mwanawe Kochi. Keki nilimpa mbwa.

Nimekuibia Ireland, na sasa unakwenda mahali pagumu zaidi. Sijui naomba msamaha kwa maneno gani. Nimefundisha watu kuandika barua za kuomba radhi, zilikuwemo kwenye mtaala, na yangu siiwezi.

Baba yako,
Kuruvilla

*

Delhi, 27 Mei 2008

Baba,

Nimeisoma barua yako wodini, nimesimama, mgonjwa wa kitanda cha tisa akaniuliza kama kuna msiba.

Yote uliyoyaandika nilikuwa nayajua. Si ya video, hayo sikuyajua, na yameniumiza mno. Nasema ya alama. Nilijua tangu Novemba. Wewe ukiandika unakandamiza, hata kwa penseli. Nilipitisha kidole nyuma ya ile karatasi ya wodi nikaisikia saba imelala chini ya sita. Kazi yangu ni kutafuta mshipa kwa kidole, Baba. Baada ya hapo kila karatasi iliyorudi nilianza kuipapasa kabla sijaisoma. Ile nane niliipapasa nikalia chooni.

Beena alipogundua alinipigia kelele. "Mzee anakuchezea! Nenda kajiandikishe leo hii!" Na ningeweza. Hakuna aliyenifunga miguu. Nilikwenda mpaka kwenye dirisha la kujiandikisha mwanzoni mwa Februari, nikarudi.

Nitakwambia kwa nini, maana sisi wawili tumeacha mno kusema sababu. Nilifikiri, kama anafuta saba na kuandika sita, basi hataki niende. Na kama hataki, ataniambia. Nilikungoja useme. Mwezi wa Novemba niliwaandikia masista wa hospitali ya Pala, na Sista Metroni wao akanijibu kwamba ana nafasi ya chumba cha wagonjwa mahututi, atanishikia mpaka mwisho wa Februari. Pala, Baba! Dakika arobaini kutoka mlangoni kwako. Sikukwambia kwa sababu sikutaka kurudi kwa ajili ya kukuhurumia. Nilitaka uniite. Ungeandika mstari mmoja, Reeja usiende, ningefunga sanduku siku ile ile wala nisingekuuliza habari za alama.

Kila bahasha niliyofungua nilitafuta mstari huo kwanza. Nilikuta koma na aya ya pili. Mwezi Januari nilikuomba waziwazi kabisa, ukaniletea ndizi za kukaanga. Mwisho wa Februari Sista Metroni akampa nafasi mwingine, na mimi nikasaini ya Hail kwa hasira. Nakiri ilikuwa hasira.

Kwa hiyo usijibebeshe yote. Nami nilinyamaza makusudi, nikikujaribu kama mtoto. Ningeweza kuuliza.

Lakini hata sasa, katika barua ndefu kuliko zote ulizopata kuniandikia, umeeleza kila kitu na hilo hukulisema. Naondoka tarehe 11.

Reeja

*

Ramapuram, 4 Juni 2008

Mwanangu Reeja,

Barua yako nimeisoma, nikatoka nje nikatembea kwenye miti ya mpira mpaka wagema wakaniuliza nimepoteza nini.

Pala. Napapita kila Jumanne nikienda kununua dawa. Nimesimama mbele ya lango la hospitali ile mara ngapi nikingoja basi!

Neno ulilolingoja ninalo. Nimekuwa nalo tangu Septemba. Leo asubuhi nimeliandika mara tatu na mara tatu nimechana karatasi, na nataka ujue kwa nini, kwa kuwa umesema tuache kuficha sababu. Nimekwisha kukuibia nafasi moja. Sasa una kazi, umesaini, una tiketi. Nikikwambia hilo neno leo, nitakuwa nakuibia ya pili, tena safari hii nikijua unavyonipenda. Mtu aliyefanya niliyoyafanya hana haki ya kuomba kitu. Ningeliomba wakati bado nilikuwa baba mwenye mikono safi.

Kwa hiyo sikuombi. Nenda, mama yangu. Fanya kazi yako vizuri kama unavyoifanya siku zote. Mimi nitakuwa salama. Ouseph amesema atakuwa anakuja jioni, na mara hii ni kweli, yuko hapa sasa hivi na anamaliza chai yangu. Anasema, "Mwambie mtoto huko joto kali, achukue mwamvuli." Chukua mwamvuli.

Nakupenda, na najivuna kwa ajili yako. Hayo nayo nilipaswa kuyaandika pembeni mwa kila insha.

Baba yako,
Kuruvilla

*

Hail, 20 Juni 2008

Baba mpendwa,

Nimefika salama. Chumba changu kina kiyoyozi kinachonguruma, tunalala wanne, wawili ni wa Kottayam, karibu na kwetu, kwa hiyo nimeshakula muhogo. Wodi ni kubwa na safi. Kazi ninaiweza. Mwamvuli nilichukua, na Ouseph mwambie alisema kweli kuhusu joto.

Barua yako ya tarehe 4 ilinifikia siku yenyewe ya safari, kama saa tano asubuhi. Mlinzi wa hosteli aliniletea juu, akasema, "Dada, hii nusura ikukose." Sanduku lilikuwa limefungwa, liko mlangoni. Nilikaa juu yake nikaifungua.

Niliisoma upesi mpaka mwisho, nikatafuta. Halafu nikaanza tena kutoka juu, pole pole, nikidhani nimeruka mstari. Nilipapasa na nyuma ya karatasi.

Najua ulitaka kutenda haki. Nimeelewa kila ulichoeleza, na sina hasira, naapa kwa jina la mama. Ila ulijiamulia peke yako, kwa mara nyingine, kitu gani kinanifaa. Kuhusu haki yako ya kuniomba, hiyo hukuwahi kuipoteza. Mimi ndiye ningeiondoa, na sikuiondoa.

Nakwambia hili mara moja tu, halafu tusilirudie katika barua zetu, tuandikiane habari za mvua na za Ouseph. Asubuhi ile, kabla mlinzi hajapanda ngazi, nilikuwa nimekwenda ofisini kwa mama wa hosteli nikamwomba asimpe mtu kitanda changu mpaka jioni.

Mwanao,
Reeja